Nguruwe wa Upande wa Mama

Mwezi uliopita nilikwenda Mtawanya kumzika mjomba, na baada ya maziko nikazunguka nyuma ya nyumba ya bibi kutafuta lilipokuwa banda la nguruwe. Siku hizi pana nyumba ya matofali ya wapangaji, na mtoto mmoja alikuwa anaogeshwa kwenye beseni palepale nguruwe walipokuwa wakizalia. Nikauangalia mguu wangu. Kovu bado lipo, rafiki yangu, na hasira pia ipo kidogo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Bibi mzaa mama ndiye aliyenilea. Tulikuwa Wamakonde Wakristo katikati ya majirani Waislamu, na wao hawakutusema neno mradi nguruwe wasitoke. Msimu wa korosho waliniruhusu kuokota mabibo chini ya mikorosho yao, nikayabeba kwa ndoo kichwani, maji yake yakinitiririka shingoni na kuacha madoa ambayo sabuni haiondoi. Mabibo yakichacha pamoja na pumba, nzi wa kata nzima walikuwa wageni wetu. Nguruwe walikula kwa kelele, wakisukumana na kung'atana masikio hadi damu. Hapakuwa na mpole pale ila mmoja.

Huyo alikuwa jike mweusi, wa ukoo wa nguruwe ambaye bibi alipewa na mama yake kule Newala alipoolewa. Hakuzaa wengi. Lakini kabla ya kulala alipiga magoti, akaguna, akasubiri watoto wasogee, ndipo akalaza ubavu polepole. Karibu wote walikua. Bibi alisema ndivyo walivyokuwa mama zake wote. Kwetu ukoo hufuata mama. Mjomba ndiye mwenye sauti, na baba ni mgeni anayekaribishwa vizuri. Nguruwe nao bibi aliwapanga hivyohivyo, na ukoo ule aliuthamini kuliko nyumba.

Mjomba, mtoto wake wa kiume, akaleta dume mweupe kutoka kwa mfugaji wa Masasi. Hakuficha kitu.

"Mama yake anazaa banda linajaa," alisema. "Ila mkali, mama. Wengine anawalalia, wengine anawatafuna."

"Kwani huyo mama yake anakuja hapa?" bibi akauliza. "Dume hazai, mwanangu. Anapita tu."

Bwana mifugo, aliyekuja kwa baiskeli kuwadunga sindano, alimwonya pia. Alisema dume hubeba tabia za mama yake na kuwarithisha mabinti zake, ingawa yeye mwenyewe hanyonyeshi. "Wingi utaupata, bibi, na ukali utaupata." Bibi alimmiminia uraka, pombe yetu ya mabibo, akamcheka kwa heshima zote.

Jike mweusi akazaa na dume yule. Alizaa wachache kama kawaida yake, akawalea wote, na bibi akatembea mtaani kifua mbele. Alibakiza mabinti wawili. Harusi ya mama mdogo ilipofika, jike mweusi alikuwa amezeeka, akachinjwa. Nilikula ini lake na lilikuwa tamu, siwezi kukudanganya.

Binti wa kwanza alizaa asubuhi moja ya masika. Watoto walitoka mfululizo mpaka chuchu hazikutosha, na bibi akapiga vigelegele. Kabla chai haijachemka tulisikia kilio. Alikuwa ameshawakanyaga na kuwalalia, na yule aliyelia zaidi mama yake alimvunja kichwa mdomoni kama anayetafuna muhogo mkavu. Bibi akasema ni joto, ni uzazi wa kwanza. Akampa nafasi nyingine. Aliporudia yaleyale, bibi alimchinja, na siku hiyo hatukuimba kama tulivyozoea tukichinja.

Akabaki mdogo wake. Ukoo wote wa bibi sasa ulikuwa tumboni mwa yule mmoja. Uchungu ulipomshika, mchana, tulikuwa ndani ya banda sote watatu, bibi, mjomba na mimi, tukiwapokea watoto na kuwaficha kwenye kapu. Mmoja akalia. Jike akageuka kumfuata, nikamzuia kwa fimbo, akaiacha fimbo akalidaka shavu la mguu wangu. Nilisikia meno yakigusa mfupa. Mjomba alimpiga kwa mchi, hakuachia. Kapu likapinduka, watoto wakasagwa chini ya kwato zake, nami nikipiga mayowe juu yao.

Bibi alikuwa ametoka mbio, akarudi na shoka. Alimpiga katikati ya macho, akapiga tena, na mdomo ulipolegea mjomba akanivuta nje, bibi akaendelea kupiga. "Mama, basi," mjomba alisema. "Mama." Hakusikia. Walipompasua walikuta wengine tumboni, wengi, wamekufa.

Baadaye bibi alinifunga mguu kwa kanga yake, mikono imelowa damu ambayo sikujua ipi ni yangu. Alinitazama usoni kwa muda mrefu, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Hivi mama yake baba yako," akauliza taratibu, "alikuwa mtu wa namna gani?"

Sikujua. Baba alikuwa mpakia mizigo bandarini, akafa nikiwa mdogo, na nyumbani kwetu jina la mama yake halikuwahi kutajwa. Waliomfahamu wote wamekwisha, na ule ukoo wa Newala uliishia siku ile. Leo nina mabinti wawili. Mkubwa akikasirika ananyamaza kwa namna ambayo haipo kwetu, na mimi namtazama, sina wa kumuuliza.