Ngoja wa Pili Apite

Mwanvua binti Heri hakuwa mtu wa kusamehe, nami sitamsingizia wema ambao hakuwa nao. Waliomjua mjini Kasongo enzi ya Wabelgiji walimjua kwa wali wake, ambao harusi ya maana haikufanyika bila huo, na kwa kinyongo chake, ambacho hawakukijua mpaka siku kilipoiva. Na kilipoiva, walikula wote.

Alizaliwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, akaolewa na Zuberi, mtu mpole wa sala zake tano. Zuberi aliandikwa kazi ya kantonye kwenye barabara ya Kabambare. Kantonye ni mtu wa kufyeka majani ya kando, kuzibua mitaro na kufukia mashimo, ili malori ya pamba yapite bila kumrusha Mzungu kwenye kiti chake. Alipewa kipande chake cha barabara, chenye kona moja mbaya juu ya kijito, na hapo kando wakajenga nyumba. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa na barabara, na walikuwa na mbawala.

Maana mbawala walimpenda Zuberi, au tuseme walipenda kazi yake. Alipofyeka, majani mabichi yalichipua, na magharibi wanyama walitoka msituni kuja kuyala. Zuberi aliwatazama hata akawajua. Alimwambia mkewe kwamba mbawala haogopi barabara, huiona kama uwanja wake. Taa za lori zikimpiga usoni hakimbii, husimama akaduwaa. Jike hutangulia kuvuka, na mtoto hubaki majanini akisikiliza. Dereva akishasema mnyama amepita, ndipo mtoto huruka. Na akitishwa katikati ya barabara haendelei mbele, hugeuka akarudi alikotoka. Kwa hiyo Zuberi, akiona jike limevuka na lori linakuja, alisimama barabarani akainua jembe na kupiga kelele: "Ngoja wa pili apite!"

Madereva walimcheka. Wengine walingoja. Mmoja hakungoja hata siku moja, na huyo ndiye Atumani.

Atumani aliendesha lori la kampuni ya pamba. Alikuwa kijana mtanashati, kofia nyeupe, kicheko cha bure kwa kila mtu. Nyama ya barabara ilikuwa biashara yake ya pembeni: aliwagonga mbawala kwa lori, akawapeleka kuwauza sokoni Kasongo, kwa Waislamu wenzake, akiapa kuwa amewachinja kwa mkono wake.

Magharibi moja Mwanvua alikuwa anampelekea mumewe chakula pale konani. Aliona jike la mbawala likivuka. Aliona lori la Atumani likija na taa zimewaka, na Zuberi majanini, nje kabisa ya barabara, ameinua jembe. Mtoto wa mbawala akatoka, akaduwaa, akageuka kurudi alikotoka. Na lori likamfuata. Liliacha barabara likaingia majanini kumfuata mnyama, na Zuberi alikuwa kati yake na mnyama.

Mbele ya Bwana Mkubwa wa serikali Atumani alisema kwamba yule kantonye alikuwa amelewa, akapepesuka hadi katikati ya barabara. Mwanvua alisema aliyoyaona. Akaambiwa mke humsemea mumewe siku zote, aende nyumbani. Hayo ya Wazungu aliyatarajia. Lililomkata maini ni Mwalimu Sumaili, mkuu wa waalimu wa Kurani Kasongo, ambaye alipoletewa habari alisema hawezi kumsalia mtu aliyekufa na pombe kichwani, watu wasije wakaona ulevi ni jambo dogo. Zuberi, ambaye hakuwahi hata kunusa kibuyu cha pombe! Basi watu wachache wa jirani walimzika pale pale juu ya kijito, wakamsomea walichokijua, wakaondoka upesi kama watu walioiba.

Mwanvua hakulia mbele yao. Aliweka kiganja juu ya udongo akasema, "Jina lako nitalirudisha. Na lake nitalichukua." Kisha akafunga mzigo akahamia Kasongo.

Huko alianza kuuza maandazi, akaitwa kusaidia jikoni, na baada ya misimu michache ya pamba akawa mpishi mkuu wa harusi na maulidi. Atumani alimkuta sokoni mara nyingi. Mwanzoni alikwepa macho yake. Alipoona anajibiwa salamu, akazoea, akawa anamwita mama na kumtania. Alidhani yameisha. Mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Nyama ya Atumani, Mwanvua aliinunua mara moja tu, ili aione. Aliikata, akaona damu imeganda ndani kama ini. Mnyama aliyechinjwa akiwa hai humwaga damu yake. Huyu alikuwa amekufa chini ya magurudumu, kisu kikaja baadaye kupamba uongo. Ilikuwa nyamafu. Akaitupa, akanyamaza. Wapo wanaosema alifanya dhambi kuuacha mji uendelee kula nyamafu huku anajua. Mimi nawajibu kwamba mji huo ndio uliommeza Zuberi kwa jina la mlevi bila kutafuna, na kama wana kesi, waende wakamshitaki Mwanvua kaburini kwake.

Alingoja. Na siku ikaja ambayo Atumani alichumbia, na aliyemchumbia hakuwa mwingine ila Nuru, binti wa Mwalimu Sumaili. Mpishi wa harusi akaitwa Mwanvua. Nasikia alipoambiwa alicheka hadi akashika ukuta.

Asubuhi ya harusi, uwanja wa Mwalimu umejaa wazee kwenye mikeka, Atumani alileta mwenyewe mbawala wawili, koo zimekatwa, akawatua mbele ya jiko kwa madaha. Mwanvua akainama, akapasua paja, akatazama. Akafuta kisu kwa upande wa kanga yake.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya kusikika hadi barazani, "hii nyama miye siweke ku chungu. Ilikufa kwanza, kisu kikafika nyuma."

Mikeka yote ikageuka. Mwalimu Sumaili akasimama. "Atumani, ni kweli?"

"Uongo!" Atumani akapaza sauti. "Naapa mbele ya wazee, zilikuwa nzima nilipozichinja!"

"Baba, usikasirike," Mwanvua akamwambia, mpole kama maziwa. "Miye ni mwanamuke wa jiko, gari siijue. Motokari ni chuma. Nyama inagongwa na chuma, inabaki muzima namna gani? Tufundishe."

Hapo ndipo kiburi kilipomshika mkono Atumani kikamwongoza. Wakwe walikuwa wanamtazama.

"Shofere wa kweli hagonge na mbio," akasema. "Nyama ikiona taa inasimama tu. Napunguza mbio. Ikigeuka kurudi ku pori, naacha barabara, naifwata ku majani pole pole, naigusa ku miguu ya nyuma. Inaanguka, iko nzima. Nashuka na kisu, nasema bismillahi."

"Unaifwata mpaka ku majani."

"Ndiyo, mama. Ndiyo kazi yenyewe."

"Na taa inaonyesha vizuri? Usiku usiku ile, hautagonga kisiki?"

"Taa ya ile gari? Kama muchana! Naona mpaka ndevu zake. Kitu hakiwezi kuwa mu ile majani miye nisikione."

Mwanvua akanyoosha mgongo. Upole ukamtoka usoni, wote wakaona.

"Na Zuberi? Alikuwa mu majani. Alisimama na jembe juu."

Atumani akarudi nyuma hatua moja, akajikwaa kwa mbawala wake.

"Chagua," Mwanvua akasema. "Kama unasema haukumuona, basi taa yako haionyeshe kitu, unagonga na mbio, na wazee hawa wote wamekula nyamafu mukononi mwako. Kama unasema nyama ilikuwa nzima, basi ulikuwa pole pole, taa kama muchana, na ulimuona bwana yangu. Ulimuona, ukapita juu yake sababu ya nyama. Kisha ukamuita mulevi. Chagua moja. Nangojea, miye nimezoea kungojea."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Atumani iliishia hapo penye jiko. Alitazama wazee, hakuna aliyemtazama. Mmoja alikuwa anatapika nyuma ya ukuta. Hatimaye akasema kwa sauti ya chini, "Nilimuona." Kisha, kama mtu anayeanguka ngazi nzima, akaongeza, "Nilizani atakimbia."

Nuru hakutoka ndani. Ndoa haikufungwa, wala hakuna familia ya Kasongo iliyompa Atumani binti baada ya hapo. Wale mbawala walifukiwa. Mwalimu Sumaili alimwendea Mwanvua mbele ya watu wote, uso umemshuka, akamuuliza anataka nini. Wazee walikwishaanza kunong'ona juu ya fidia, mbuzi na vitambaa.

"Sitake mbuzi," akasema. "Nataka umusalie bwana yangu. Leo. Na huyu ndiye atatupeleka."

Kwa hiyo jioni ile ile lori lilitoka Kasongo kuelekea Kabambare, Atumani akiwa kwenye usukani, Mwanvua karibu naye, Mwalimu kando ya mlango, na wazee nyuma juu ya magunia, katika nguo zao za harusi. Mwanvua aliitazama mikono ya Atumani, na hakuona huruma hata ya kulamba kwa ulimi.

Wakafika karibu na kona. Magharibi ilikuwa inaingia, taa zimewaka. Jike la mbawala likatoka, likasimama, macho yanang'aa, kisha likavuka. Atumani akakanyaga mafuta ili aendelee.

"Ngoja," Mwanvua akasema.

Akasimamisha. Majani yakatikisika. Mtoto akatoka, akaduwaa mbele ya taa, na kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kumtisha, akavuka kwa miguu yake myembamba akamfuata mama yake. Barabara ikabaki tupu. Atumani akashika gia.

"Ngoja."

"Mama, wa pili amekwisha kupita."

"Zuberi hajapita," Mwanvua akasema. "Ngoja."

Atumani akazima gari.