Kuihamisha Sauti ya Baba

Baba yangu alikuwa mchonga vinyago mwenye mdomo. Anachonga mpingo huku anagombana nao: "We, mbona unanipindia? Nimekukosea nini?" Kisha kikaja kiharusi, kikamwachia mkono mmoja, na sauti kikaondoka nayo yote. Ikabaki sehemu moja tu duniani: kwenye laptopu ya dada yangu, aliyemrekodi siku moja kibarazani hapa Goba, saa nzima, mzee hana habari.

Na laptopu yenyewe ilikuwa mahututi. Matundu ya flashi yamekufa, ikichemka inajizima, na programu za watu za kurushia mafaili inazigomea zote. Fundi alishasema siku yoyote haitawaka tena. Mie ndo niliyesomea mambo hayo nyumbani, basi dada akaileta kutoka Kimara kaipakata kama kichanga. "Mwishoni anamwita mama," akaniambia. "Nakuomba, mdogo wangu, pasikatike pale."

Nikaandika programu zangu mwenyewe, mbili fupi, zinazoongea kupitia waifai ya nyumbani. Ya dada inatuma. Ya kwangu inafungua soketi, yaani mlango wa kupitishia maneno, na kusubiri. Inayotuma inabisha HODI. Yangu inajibu KARIBU. Faili linakuja vipande vipande, na kwa kila kipande yangu inaitikia NIMEPOKEA. Mama alichungulia akacheka: "Kumbe na nyie mna adabu!"

Adabu gani! Mara ya kwanza sauti ilikuja safi, baba anaongea, halafu, kabla hajamwita mama, kimya. Mara ya pili vilevile. Nikaitukana waifai, nikaitukana laptopu, nayo ikachemka ikajizima. Kila ikizima nasema ndo basi, imekata roho. Nilitaka kulia.

Hapohapo mama ananiita: shangazi, aliyekuja kumjulia hali baba, anaondoka, nimsindikize.

"Mama jamani, nina kazi!"

"Kazi ndo imekufundisha kumwacha mgeni atoke peke yake kama kaiba kuku?"

Nikavaa kandambili nimenuna. Shangazi kaaga sebuleni, kaaga mlangoni, kaaga getini, na kila akiaga anasubiri aitikiwe ndipo asogee. Tunateremka kilima, anasimama, kakumbuka jambo, tunaagana upya. Nachemka kimoyomoyo: huyu shangazi haondoki mpaka asikie mwenyewe kwamba... Lo! Mjinga mie! Programu yangu ya kutuma ilikuwa haisikilizi hata jibu moja. Ikishasukuma kipande cha mwisho, inabamiza mlango na kwenda zake, na vipande ambavyo bado vilikuwa vinapokelewa vinatupwa vyote.

Nikamkumbatia shangazi barabarani. "Una nini wewe?" akauliza. Nikapanda mlima mbio.

Ilikuwa mistari michache tu. Sasa inayotuma inataja kwanza ukubwa wa mzigo, inasikiliza kila NIMEPOKEA, na haifungi hadi yangu ihakikishe mzigo umetimia na kuitikia KWAHERI. Nikabonyeza kitufe na Bismillah. Laptopu ikawaka, maskini, inaunguruma, nikaichapia mistari ile upesi. Faili likaja, nikalinganisha ukubwa: sawasawa.

Baba alikuwa kwenye kiti chake sebuleni. Nikaunganisha spika, nikasogeza hadi dakika za mwisho. Patasi inagonga, baba anausema mpingo, patasi inanyamaza.

"Mama watoto! Hiyo chai imefia jikoni?"

"Abee!" mama akaitika toka jikoni.

Akatokea mbio, unga mikononi, akamkuta baba kafumba mdomo, anamtazama. Mama akaangalia spika, akaniangalia mie. Nikadhani atalia, mie nilikuwa nalia tayari. Lakini maneno yake akampelekea baba.

"Naileta, mume wangu," akasema. "Nisubiri kidogo."

Akarudi jikoni kuinjika chai.