Jina la Aliyekuja Baada

Mimi jina la mtu nisipolielewa huniwasha. Kwetu Mombasa jina likitajwa, nusu ya habari ninayo: huyu kazaliwa Ijumaa, yule kapewa la bibi yake. Kwa hiyo alipoajiriwa mtu wa Eritrea kwenye duka la viungo ninalouzia hapa ughaibuni, mtaa wa Al Ras, akajitambulisha kuwa ni Kahsay, sikumpa nafasi ya kupumua. La babu? La mtakatifu wenu? Au ni la mganga? Akacheka, akaendelea kupima iliki.

Siku ile majina yalikuwa yamenikaa kichwani kwa sababu. Mke wangu alikuwa amejifungua binti huko nyumbani, na kesho yake ingekuwa siku ya saba, siku ya kumpa jina na kumchinjia akika. Mama yangu alitaka apewe jina la dada yake, mtoto wetu wa kwanza, tuliyemzika kabla hajajua kutembea. Jina lile nalipenda mno. Nilitamani kulitamka tena, na niliogopa. Mke wangu alisema tu kwamba uamuzi ni wangu.

Saa ya chai nikamwuliza tena Kahsay. Safari hii alinijibu, kwa Kiarabu chetu cha dukani. Kwa Kitigrinya, Kahsay maana yake ni "fidia yangu". Mtoto hupewa jina hilo akizaliwa baada ya mwingine kufa. Mtu wa kwao akilisikia, anajua mama huyo alifiwa, na anajua pia kwamba alifarijiwa.

Niliona haya kwa mzaha wangu, lakini ulimi haukutulia. Mbona hawakumpa tu jina la yule aliyekufa?

"Lile lake, khalas, limekwisha, amelala nalo kaburini," akasema. "Mama angeliita, angeitikiwa na nani?"

Chai niliiacha. Nikaenda nyuma ya duka, kwenye magunia ya bizari, nikampigia mke wangu. Nikamwambia mtoto tumpe jina lake mwenyewe, na mama nitazungumza naye mimi. Akaanza kulia.

"Nimekuwa nikimwita lile jina, nijizoeze," akasema. "Kila nikiita, wallahi, naangalia mlangoni, kama yule wa kwanza ataingia akitambaa."