Kizibo cha Aristides

Aristides alikuwa karani wa stoo katika duka moja la ushirika Kariakoo. Kwa kuwa mwanzoni mwa mwaka 1979 stoo yenyewe ilikuwa na magunia matupu na paka mmoja, muda wa kufikiri alikuwa nao. Ndugu zake, Wachaga wenye akili zao, walifikiria wapi pa kupata vitenge. Yeye alifikiria sataranji. Tena angekuwa anacheza tu watu wangemwelewa. Yeye alikuwa anatunga mafumbo. Anapanga kete chache ubaoni, halafu anakuuliza: mweupe aanze, mfalme mweusi anaswe kwa hatua tatu, vipi? Na jibu liwe moja tu. Yakipatikana mawili, fumbo limekufa, halina hata matanga.

Aliyatuma Ulaya, kwenye jarida la watu wa aina yake: kondakta wa treni wa Poland, daktari wa meno wa Ajentina, watu wasiowahi kuonana lakini kila mmoja anaijua akili ya mwenzake kuliko mkewe anavyoijua. Mara tatu alituma, mara tatu wakamgundulia jibu la pili. Mwamuzi wa shindano la jarida akamwandikia kwa adabu ya kuua: alete moja la mwisho, shindano linafungwa tarehe 28 Februari. Nalo likiwa na ufa, asijisumbue tena.

Hilo la mwisho alilitunga miezi minane. Hakuwa na kingine. Seminari aliiacha, mchumba alimwacha, na nyumbani Kibosho walishaacha kumuuliza.

Ubao alichangia na jirani yake, Zahoro, mchora vibao vya maduka na bingwa wa drafti mtaani, ambaye sataranji hakuijua hata kidogo. Kitunda kimoja cheusi, yaani ile kete ndogo kuliko zote, kilipotea zamani. Mahali pake Aristides aliazima kizibo kimoja cha soda katika vile vya Zahoro vya kuchezea drafti, akimaliza anakirudisha, na kwa miaka tisa hakuna aliyeona ajabu. Siku ya kutuma, Aristides alikuwa kalala na malaria, meno yanagongana. Akamwambia Zahoro, mwenye mkono mzuri, achore ubao ulivyo na kuitia bahasha posta. Zahoro akachora, na ubao ukapigwa marufuku kuguswa mpaka shindano lifungwe.

Mchana wa tarehe 28, Zahoro akaingia.

"Ndugu Aristides, siku imefika. Mwachie mfungwa wetu."

"Subiri jioni."

"Basi nipe hata kizibo changu. Ninavyo kumi na moja tu, watu wananicheka."

"Kizibo gani?"

"Hicho chenye kutu. Tangu siku ile nachora nakiona, nikasema huyu mgonjwa kaniibia."

Aristides aliweka kikombe chini taratibu. "Zahoro. Ulikichora?"

"Nichore kizibo? Wazungu wangetuonaje?"

Bila kitunda kile, farasi mweupe alikuwa na njia ya pili, pana kama Barabara ya Morogoro. Aristides alitoka na kandambili, mbio mpaka Posta, kwenye dirisha la simu za maandishi. Dada wa dirishani, Theopista, akasoma fomu yake mara mbili.

"Ndugu, 'ongeza nyeusi G5' ndiyo nini?"

"G5 ni nyumba. Kwenye ubao."

"Nyumba ya nani?"

"Ya kitunda, dada yangu! Kete! Mchezo!"

"Vijana wetu wako vitani na Amin, wewe unaniletea herufi na namba ziende Ulaya, halafu unaniambia mchezo?" Akairudisha fomu. "Kalete barua ya balozi wako wa nyumba kumi, aseme anakijua hicho kitu. Saa kumi nafunga."

Balozi, Mzee Sadalla, alikuwa mtu mwaminifu, na hiyo ndiyo ilikuwa balaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuelewa, lakini mimi siandiki nisichokijua. Nifundishe."

"Mzee, saa nane na nusu sasa hivi!"

"Basi fundisha haraka."

Akaukimbilia ubao nyumbani, akarudi nao, akamfundisha huku jasho linaudondokea. "Na huyu farasi mbona anapinda? Kalewa?" Mzee aliuliza, akarudia kuuliza, akataka kuona. Barua aliyoandika mwishowe ilikuwa nzuri, ina mhuri na inamsifu farasi. Aristides alifika nayo dirishani saa kumi na robo. Dirisha lilikuwa limefungwa, bao tupu.

Usiku huo aliandika maelezo kurasa nne, akayatuma. Jibu lilikuja Mei: linahukumiwa lililochorwa. Ndani mlikuwa na mchoro wenyewe, jibu la pili limepigiwa mstari mwekundu, na chini mwamuzi kaongeza kwamba katika miaka yake yote hajapokea mchoro mzuri kama huu.

Zahoro alisoma. Akaenda kwake, akarudi na kopo la rangi nyeusi na brashi ndogo, akakipaka kile kizibo juu, chini, na meno yake yote. Kazi ya dakika mbili.

Aristides alikitazama mpaka kikakauka.

"Chukua ubao," akasema. "Kacheze drafti."

"Na wewe?"

"Mimi nina magunia ya kupanga."

Zahoro aliyajua magunia yale matupu. Akauchukua ubao, akaufunga mlango polepole.