Faili la Asajile Lina Virusi

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mvua ya Kyela ikiwa na siku ya nne haijapumzika, nimekaa mbele ya kompyuta pekee ya hospitali yetu, binti wa miaka ishirini na miwili, najiona nimefika. Nakusimulia haya, mwanangu, kwa sababu unakwenda kuanza kazi ya mapokezi na kumbukumbu za wagonjwa, na kosa nililolifanya asubuhi ile linaweza kufanywa na yeyote aliyesoma kidogo akafurahi sana.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya mjini yalikuwa yamejaa redio kaseti, vitenge na sabuni za kunukia, vitu ambavyo miaka michache nyuma tulivisikia tu. Hospitali nayo ikapata zawadi ya kompyuta kutoka kwa marafiki wa mbali. Tuliiwekea chumba chake pembeni ya mapokezi, tukaifunika kitambaa cheupe cha kufuma, na kila aliyeingia alivua viatu mlangoni. Mimi nilikuwa nimepelekwa Mbeya kusomea mashine ile kwa wiki sita. Nikarudi nimebeba maneno. Kuhifadhi, kunakili, kufuta, disketi, programu. Usiku nilikuwa nayasema hata ndotoni, dada zangu wakanicheka.

Maneno yale niliyapenda mno, mwanangu. Nilipenda jinsi watu walivyonitazama nikiyasema. Kuna mzee mmoja wa Mwaya aliwahi kuambiwa na mwenzetu wa dirishani, "Mzee, umepewa rufaa, utakwenda Mbeya." Mzee akatetemeka, akauliza, "Rufaa ya kesi gani? Mimi sijamshtaki mtu wala sijashtakiwa!" Tulicheka mpaka machozi. Hatukukaa chini kujiuliza kwa nini mzee aliogopa. Kwake rufaa ilikuwa jambo la mahakamani, na sisi tulimtupia neno hilo kama vile lina maana moja tu, ile yetu. Ningejifunza siku ile, haya yasingetokea. Sikujifunza.

Sasa turudi kwenye asubuhi yangu. Kwenye benchi la mapokezi alikuwa amekaa mwanaume mmoja aitwaye Asajile, mkulima wa mpunga na kakao kutoka Talatala, ana mke na watoto watatu. Alikuwa na ngiri iliyomsumbua muda mrefu, na daktari alikwisha kumpangia upasuaji kesho yake. Karatasi zake zilikuwa tayari. Alikuwa anasubiri kitanda tu, mkeka wake umeviringishwa miguuni. Mkewe, Mama Lugano, alikuwa amekwenda mjini kumtafutia chakula. Benchi zima lilikuwa limejaa watu waliolowa mvua.

Nikawasha kompyuta, nikaingiza disketi, kile kisahani cha kuhifadhia maandishi, yenye majina ya wagonjwa wa wiki ile. Nikafungua faili la Asajile. Badala ya maelezo yake zikatokea alama za ajabu, mashine ikalia. Nilijua mara moja ni nini, maana mwalimu wetu kule Mbeya alikuwa ametuonya. Hamisi, kijana wa stoo ya dawa, alikuwa na disketi nyingine upande wa pili wa ukumbi, naye alikuwa karibu kuileta. Sikuinuka. Nilipaza sauti kwa furaha ya mtu aliyetambua kitu:

"Hamisi! Usilete hiyo disketi! Faili la Asajile lina virusi! Nalifuta kabla halijaambukiza wengine!"

Benchi zima liligeuka kumtazama Asajile. Mimi sikuona. Nilikuwa nabonyeza vitufe.

Wewe umezaliwa wakati dawa zipo, huwezi kujua neno virusi lilikuwa na uzito gani miaka ile. Hapa kwetu mpakani, watu wakipita kwenda na kurudi, tulikuwa tunazika kila wiki. Mtu akikonda kidogo, wanasema amekanyaga waya, yaani ana UKIMWI. Akisemwa hivyo, hata kikombe chake kinatengwa. Hakukuwa na dawa. Kusikia una virusi ilikuwa ni kusikia tarehe yako ya kufa imekaribia, na kwamba utakufa ukiwa umetengwa. Na mimi nilikuwa nimelitamka jina la mtu pamoja na neno hilo mbele ya benchi zima, nikaongeza kwamba namfuta asiambukize wengine.

Ilikuwa kama saa sita mchana Mama Lugano alipokuja dirishani. Ameshika bakuli limefungwa kwa kitambaa. Hakuwa analia. Aliniuliza kwa sauti ndogo sana:

"Dada, yule mama pale ameniambia mume wangu ana virusi, na kwamba wewe ndiye uliyetangaza. Ni kweli?"

"Nani? Mimi?" nikasema. "Sijasema..." Halafu maneno yangu mwenyewe yakanirudia masikioni, yote, moja baada ya jingine. Nikatazama benchi. Mkeka wa Asajile ulikuwepo. Asajile hakuwepo.

Nilikimbia bila viatu mpaka wodini kwa Sista Anyimike, muuguzi mkuu wetu, mama mrefu asiyependa kelele. Nikamweleza huku nagugumiza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Amekwenda wapi?" Mama Lugano, aliyenifuata, akasema hana pa kwenda ila kwa kaka yake anayekaa kijiji cha Njisi, karibu na mto wa mpakani. Sista akavaa koti la mvua. Gari la hospitali lilikuwa bovu, kwa hiyo tukaazima baiskeli mbili, Sista moja, mimi nyingine nikiwa nimempakia Mama Lugano nyuma.

Njia nzima ilikuwa tope. Tulianguka mara mbili. Mama Lugano hakunitukana hata mara moja, na hilo ndilo lililonichoma. Kilichonitisha zaidi ni alichosema Sista bila kugeuka: mtu mwenye ngiri kama ile kutembea mwendo mrefu ni hatari, utumbo unaweza kubanwa akafa njiani. Na kama angevuka mto usiku ule, nani angemwona tena? Nilikuwa nakanyaga pedali na kuomba. Niliomba kwa Kinyakyusa, kwa Kiswahili, kwa lugha zote nilizokuwa nazo.

Tulimkuta. Namshukuru Mungu mpaka leo, tulimkuta. Alikuwa amekaa kwenye kigoda sebuleni kwa kaka yake, ameshika tumbo, uso umekunjamana kwa maumivu. Tulipofika mlangoni tulimsikia akisema, "Huyu mdogo usimtenganishe na dada yake, walale pamoja." Alikuwa anawagawa watoto wake, mwanangu. Alikuwa anamkabidhi kaka yake watoto, na yeye bado yu hai, hana kosa lolote.

Nilipiga magoti hapohapo na tope langu. "Baba, si wewe. Ni mashine. Mashine ndiyo yenye virusi."

Kaka yake Asajile ndiye aliyejibu, kwa hasira:

"Mashine? Mashine inalala na nani hata ipate virusi?"

"Inapata kwa disketi," nikasema. "Ni programu mbaya, mtu ameiandika kusudi iharibu maandishi. Wanaiita virusi kwa kuwa inahama kutoka mashine hii kwenda ile. Haihusiani na damu ya mtu. Nilichofuta ni maandishi, sikumfuta yeye."

"Kwa hiyo damu yangu..." Asajile akasema.

Mimi nilitaka kuropoka kwamba damu yake ni safi kabisa. Sista Anyimike akaniwahi. Akachuchumaa mbele yake.

"Damu yako tulichukua kuangalia wingi wake na kundi lake, kwa ajili ya upasuaji. Hiyo ya virusi hatukupima. Kipimo hicho hatumpimi mtu bila ridhaa yake, maana yake bila yeye kuelezwa, kuelewa, na kukubali mwenyewe. Na hata ukipima, majibu ni yako. Huyu binti hana ruhusa ya kuyataja, wala mimi, wala daktari."

Asajile alishusha pumzi ndefu. Kisha akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, kaka yake naye akacheka, "Mashine! Mashine ya watu!" na Mama Lugano akakaa chini sakafuni, akafungua lile bakuli, akamlisha mumewe kwa mkono wake. Mimi nililia kwenye kona. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba kupumua kunaweza kuwa kutamu kiasi kile.

Kaka yake alipata gari la mzigo la mfanyabiashara jirani, tukamrudisha jioni ileile. Alifanyiwa upasuaji, akapona.

Lakini kabla ya hapo Sista aliniita chumbani kwake. Hakunifokea. Alisema, "Ulisoma wiki sita maana ya maneno kwenye mashine. Hukusoma maana yake masikioni kwa mgonjwa. Na hata kama faili lingekuwa na mafua tu, jina la mgonjwa halipazwi ukumbini. Hiyo ni sheria, na kabla ya kuwa sheria ni adabu." Akaniamuru asubuhi nisimame mbele ya benchi niyaeleze maneno yangu yote.

Nikamwendea Asajile wodini kumwomba ridhaa ya kumtaja. Akafikiri kidogo. "Nitaje," akasema. "Ulinichafua kwa jina, nisafishe kwa jina."

Basi nikasimama. Nilieleza faili ni nini, jalada la karatasi na lile la ndani ya mashine. Nilieleza rufaa ya hospitali ni kupelekwa kwa mganga mkubwa zaidi, haina hakimu. Nilieleza ridhaa, na kwamba aliyekubali jana anaweza kukataa leo. Nilieleza virusi vya kompyuta, nikasema jina la Asajile na kosa langu. Yule mama aliyepeleka habari akaniambia, "Ndaga fijo, binti. Nasi tulisema haraka." Asante ile ilinistahili kidogo sana, lakini niliipokea.

Utaniuliza kama Asajile alikuja kupima baadaye, na majibu yalikuwaje. Mwanangu, nilikaa dirishani pale hadi nastaafu, na hilo hutalisikia kwangu.

Haya ndiyo ninayokuusia. Usimpe mgonjwa neno ambalo hujamuuliza ameelewaje. Mwambie akurudishie kwa maneno yake mwenyewe, hata kama foleni ni ndefu. Jina la mtu na habari za mwili wake vikikutana, shusha sauti. Usipokee alama ya dole gumba kwenye fomu ya ridhaa ambayo mwenye dole hajaielewa. Na ukikosea, maana utakosea, usijifiche nyuma ya dirisha. Toka nje umfuate uliyemkosea hadi umpate, useme kosa kwa sauti ileile uliyolifanya nayo.

Nenda kazini kwa amani. Mungu akupe masikio mapana na ulimi wa taratibu, na kila atakayekaa mbele yako, hata kama ugonjwa bado anao, aondoke hofu imepungua.