Haiko Gari, Chef

Siku za uasi, kwenye kizuizi cha kutokea Kisangani, askari walikuwa na amri ya kunyang'anya kila gari. Mbele ya lori letu walisimama fundi na mke wake, ndani ya gari la mbio ambalo fundi alilijenga mwenyewe kwa mabati ya mapipa, viti viwili, bila paa. Walikuwa wanakwenda kwa mama mkwe, Butembo, juu milimani.

Mkubwa wa askari aliinama, akaligonga kwa kidole.

"Marque gani? Kampuni gani ilitengeneza?"

"Haina marque, chef. Nilitengeneza mimi mwenyewe, hapa hapa."

Chef alicheka mpaka kofia ikamtoka.

"Papa, usinidanganye. Gari inatoka Ulaya. Hii haiko gari!"

Fundi alivimba, akafungua kinywa. Mke wake akamfinya paja.

"Bon," fundi alisema, akiutazama usukani. "Haiko gari, chef."

"Alors, pita!"

Uhuru tulikuwa nao tayari, ila gari lilikuwa bado halijaruhusiwa kuzaliwa kwetu. Lori letu, lenye marque yake puani, lilichukuliwa palepale. Tukarudi mjini kwa miguu, na nyuma yetu ile isiyo gari ikinguruma kuelekea milimani.