Kisu Ambacho Ezron Hakukipima

Siku mbili nzima Ezron Simbeye hakukaa kitini. Mkewe Tabita alimwekea uji, akaunywa amesimama. Wateja walimletea visu mezani kwake, sokoni Tunduma, akavipokea huku anatazama barabara. Mmoja alimuuliza kama ana jipu mahali pabaya. Siku nyingine Ezron angemjibu mpaka ajute kuuliza. Kisu alichompa mtoto wa dada yake kilikuwa tayari porini, na Ezron alijua hakifai.

Kabla ya kufungua meza ile alikuwa mtu wa porini. Miaka ishirini na miwili aliwabebea wapima ardhi mizigo na kuwafyekea njia, wilaya yote ya Momba hadi kule kusikofika pikipiki. Alirudi na makovu mawili kiganjani na kazi mpya: kunoa visu, kuviunda kwa springi za malori yaliyochakaa, na kuvihukumu. Maana siku hizi vimeingia vile visu vya porini vya dukani, vyeusi, vyenye meno ya msumeno mgongoni na dira kwenye kitako cha mpini, na vijana wanavipenda kufa. Mwenye akili hanunui mpaka Ezron akione.

Hukumu yake haina mambo mengi. Anamenya kiazi kitamu, aone kama kisu kinaiweza kazi ndogo. Anaupaka mpini mafuta ya kula na kuushika, kwa kuwa porini mkono haubaki mkavu. Mwisho anakiweka juu ya kipande cha mti mkavu na kukigonga mgongoni kwa gongo mpaka kipasuke kimojawapo. Kisha anasema neno moja tu. "Kimekubali." Au, "Kimekataa." Hajali ni cha nani. Cha mchungaji wake kilikataa mbele ya wazee wa kanisa. Bwana mmoja alivuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, na visu kumi na viwili, akarudi kwao na vitatu vizima, naye akacheka, "Chawama, bashikulu," yaani vyema, babu, akaagiza vya Ezron mwenyewe.

Jumanne ya wiki hiyo alikuja Atupele, binti wa dada yake, kutoka Ndalambo. Yeye na wenzake wanafuga nyuki, na kesho yake walikuwa waingie porini wiki tatu kuchonga mizinga na kurina asali. Msimu uliopita kisu kilimgeukia mwenzao mkononi, kikamkata mshipa wa kidole, na kumfikisha zahanati kulikula siku nzima. Kidole hicho hakikunjiki tena. Ndiyo maana Atupele alinunua kisu kipya, kimoja cha vile vyeusi.

"Shikamoo, Mjomba. Nimekuletea ukione."

"Marahaba. Hiki?" Ezron akakiinua juu ili watu wote waliozunguka meza waone. "Hiki ni cha kupigia picha, mwanangu. Dira ya nini, umepotea? Nyuki watakucheka."

Watu wakaangua kicheko, na Ezron akanogewa. Hakukigonga hata mara moja. Alimrudishia, akachukua kisu chake kipya cha springi kilichokuwa kimebaki kutiwa mpini. Akauchoma mkia wake kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, akauzamisha ndani ya mpini wa mti, moshi ukafuka, huku mdomo wake unaendelea na hadithi za porini.

"Hiki hakipimwi," alimwambia. "Hiki ni cha mjomba wako."

Atupele akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda stendi kungoja gari.

Jioni, wakati wa kufunga, Ezron aliona kitambaa chake cha kazi kimening'inia kwenye msumari. Kilikuwa kikavu. Kila anapochoma mkia wa kisu hulifunga bapa kwa kitambaa chenye maji, moto usipande na kuyalainisha makali. Ndilo jambo la kwanza alilofundishwa katika kazi hii, na siku ile alikuwa anachekesha watu. Hapo akakumbuka kitu ambacho macho yake yalikiona na mdomo haukukipa nafasi: rangi ya bluu ikipanda kutoka kwenye mpini kuelekea katikati ya bapa. Chuma kikipata rangi hiyo ni laini kama bati.

Akapiga simu, haikupatikana. Jumatano pia haikupatikana. Akawa mtu wa kuzunguka meza, kwenda hadi barabarani na kurudi, kufagia asikotumwa. Kila aliposhika kiazi aliviona vidole vya Atupele. Alhamisi alfajiri akamwambia Tabita, "Naenda Ndalambo."

"Ukamwambie nini?"

"Anirudishie kisu."

Tabita alimtazama. "Visu vya watu unavisema mbele ya soko zima. Nenda na chako ukakiseme."

Pikipiki ilimfikisha mwisho wa barabara, akauliza kambi ya warina asali, akatembea mwendo wa saa nne, kwa miaka yake hamsini na tisa, bila kupumzika. Njiani alijiuliza ataongea nini mbele ya wenzake Atupele. Akajijibu kwamba akiukuta mkono mzima, ataongea lolote.

Aliwakuta mchana wanachonga mzinga. Kitu cha kwanza alichotazama ni mikono ya Atupele. Vidole kumi. Ezron akashika mti apumue.

"Mjomba! Kuna msiba?"

"Nipe kile kisu."

Atupele akakitoa chini kabisa ya mfuko wake, kimefungwa kwenye kipande cha kanga. Karibu na mpini makali yalikuwa yamejikunja. Kiunoni alikuwa amechomeka kile cheusi.

"Nilikipima palepale stendi," alisema taratibu, macho chini. "Kiazi kilimenyeka. Mpini haukuteleza. Nikakigonga kwenye kuni za mama ntilie, kikajikunja."

"Sasa kwa nini hukurudi?"

"Watu walikuwa wamejaa mezani kwako, Mjomba."

"Na hicho cheusi?"

"Nacho nilikigonga, mpini ukaanza kucheza. Kwa hiyo sikigongi tena. Nakatia masega tu, mti ni kazi ya panga. Hiki najua kitanigeukia wapi."

Aibu ilimpanda Ezron mpaka masikioni, na ndani ya aibu hiyo kulikuwa na furaha kubwa, kwa sababu binti huyu hakumwamini. Wenzake Atupele walikuwa wameweka shoka zao chini, wanangoja. Akakiinua kisu juu, kama anavyoinua vya watu sokoni.

"Hiki nimekiunda mimi, Ezron Simbeye," alisema kwa sauti. "Kimekataa."

Kisha akakaa chini kwenye vibanzi vya mti, akaomba maji.